Kisu Kilicholia Ndani ya Mafuta

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Mtu mwingine angedhani ni kipande cha mkaa kimepasuka, au kucha imegonga debe. Milembe Maganga alikuwa ameinama juu ya pipa la oili chafu, koleo mkononi, anazamisha kisu kilichotoka motoni muda huohuo, na katikati ya mchemko na moshi akasikia: tik. Mara moja tu.

Hakuinua uso. Alisubiri kama alivyofundishwa, akakitoa kisu, akakilaza juu ya jiwe. Ndipo akatupa jicho mlangoni. Mzee Bujiku, binamu wa marehemu baba yake, alikuwa pale anapokaa kila siku alasiri, juu ya kigoda chake, anachonga mpini wa jembe. Mkono wake haukuwa umesimama. Wala hakuwa anamtazama. Milembe alishindwa kujua kama mzee hakusikia, au amesikia na ameamua kunyamaza.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa pili, mjini Bariadi, upande wa Somanda, na kisu kile kilikuwa kinasubiriwa.

Mwenye kukisubiri aliitwa Ansbert Protas, kijana wa Kagera, askari wa wanyamapori aliyepangiwa kituo kimoja mpakani mwa pori. Alifika bandani wiki tatu nyuma, amevaa sare zake za kijani, buti zimejaa tope.

"Shikamoo, mama. Nimeelekezwa kwa mzee Maganga, anayefua visu."

"Marahaba. Mzee Maganga alishafariki. Mimi ni binti yake."

"Pole sana. Sasa siku hizi nani anafua?"

"Ninafua mimi."

Ansbert alitazama fuawe, akatazama nyundo zilizopangwa ukutani, kisha mikono ya Milembe, ambayo ilikuwa na makovu madogo meusi mpaka kwenye viwiko. Akatoa simu, akamwonyesha picha ya kisu cha kijeshi: bapa refu, mgongo mnene, ncha iliyokaa katikati, chuma kinachopita ndani ya mpini mpaka mwisho wake. Alieleza kwamba tangu idara yao iendeshwe kama jeshi usu, wamefundishwa mambo mengi ya kijeshi, lakini visu vya dukani vinapinda kwenye kazi ya kwanza.

Milembe aliitazama picha kidogo tu. Alipanda juu ya kigogo, akashusha kutoka kwenye boriti kitu kilichofungwa kwa kitambaa, akakifungua. Ndani kulikuwa na kisu cha baba yake, cha umbo lilelile, kikubwa kidogo, na karibu na mpini kilikuwa na mikwaruzo mitatu mifupi. Ndiyo ilikuwa alama ya ukoo wao.

"Hiki ndicho nilichokuwa natafuta," Ansbert alisema.

Upande wa baba, Milembe alitokana na Balongo, wale wahunzi wa upande wa Geita ambao Wasukuma waliwategemea kwa majembe kabla majembe ya kiwandani hayajafika. Babu yake alihamia huku na mivukuto ya ngozi ya mbuzi na nyundo za mawe. Maganga alirithi kazi hiyo wakati watu walikuwa wameshaanza kununua majembe madukani, na huenda angeiacha. Lakini vita vya Kagera vilipokwisha, askari mmoja alirudi nyumbani na kisu cha jeshi kilichovunjika mpini, akamletea akitengeneze. Maganga alikaa nacho mwezi mzima. Alikipima kwa vidole, akakichora chini kwa mkaa, akafua cha kwake kwa springi ya gari bovu. Tangu hapo akajulikana kwa kazi hiyo. Wachungaji walikuja, wavuvi wa Kalemela, kule ziwani, wakaja, na mgambo pia. Watu waliviita tu visu vya jeshi vya Maganga.

Mwanamke hakuruhusiwa kusogelea tanuru. Ilisemwa chuma kitaharibika. Milembe alivuta mivukuto alipokuwa mtoto, lakini alipovunja ungo akaondolewa, akabaki kusikia nyundo kutoka jikoni. Aliolewa kijiji cha Zagayu, akalima pamba huko miaka kumi, mumewe akafariki kwa homa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja wakati baba yake alipopooza mkono wa kulia. Kaka yake mmoja alikuwa dereva wa malori Mwanza na hakutaka kusikia habari za mkaa. Mwingine alishakufa. Maganga akamwita binti yake, akamwambia mbele ya ukoo mzima ashike nyundo, naye atakaa kitini amwelekeze.

Bujiku alikuwa amefanya kazi na Maganga tangu ujana. Siku ile hakubisha. Ila kuanzia kesho yake hakugusa chuma tena, akawa anachonga mipini tu. Mbele ya Milembe hakuwahi kusema neno baya. Maneno yalimfikia kwa kuzunguka: mzee amesema iko siku chuma kitamwaibisha yule mwanamke.

Kwa hiyo sauti ile ndogo haikuwa ndogo kwake.

Alikichukua kisu kikiwa bado na uvuguvugu, akakitazama juani pande zote mbili. Hakuona kitu. Alikigonga kwa kucha, kikalia vizuri. Alijua kwamba macho na kucha havitoshi. Baba yake alimfundisha kipimo: unapaka bapa mafuta ya taa, unaliacha lilowe, unalifuta mpaka likauke kabisa, kisha unalipaka unga wa chaki. Kama kuna ufa, hata mwembamba kama unywele, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda juu na kuchora mstari kwenye chaki. Kopo la mafuta lilikuwa pale kwenye rafu. Chaki ilikuwa pale.

Hakuvigusa. Ansbert alikuwa amempigia asubuhi kumwambia kwamba Alhamisi wanaingia porini kwa doria ya wiki mbili, na kwamba amewasifia wenzake kile kisu kabla hakijakamilika. Mstari ukitokea, itabidi amwambie hakuna kisu. Na itabidi aseme hivyo Bujiku akiwa amekaa mlangoni.

Alikirudisha kisu kwenye moto mdogo mpaka kikapata rangi ya asali. Jumatano alifunga mpini wa mpingo kwa misumari ya shaba, akapiga mikwaruzo mitatu, akakinoa. Alhamisi saa moja asubuhi Ansbert alikuja mbio, gari lao likiwa linanguruma barabarani. Alikitoa kwenye ala, akakata nacho unywele wa mkononi, akacheka.

"Mama, hiki kitanizika."

"Usiseme hivyo," Milembe alisema.

"Nina maana kitadumu."

"Nimeelewa. Lakini usiseme hivyo."

Gari liliondoka. Bujiku alilisindikiza kwa macho mpaka likakata kona, kisha akainamia mpini wake.

Siku mbili za kwanza Milembe alijituliza kwa hoja. Chuma kinaweza kulia bila kupasuka. Oili huenda ilikuwa na maji. Kwa miaka kumi na tano alikuwa amezamisha visu vingi, na hakuna kilichorudi. Lakini mkono haukubali hoja. Alikuwa akifua patasi, akajikuta amesimama na nyundo juu, anasikiliza. Alipika ugali ukaungua. Pikipiki ikisimama nje, anatoka mlangoni mpaka amwone aliyeshuka.

Jumapili, baada ya ibada, alikumbuka kwamba lile jani la springi alilolikatia kile kisu lilibaki kipande. Alikwenda bandani na nguo zake za kanisani. Bujiku hakuwepo. Alikitafuta kipande chini ya meza, akakisugua kwa tupa mpaka kikang'aa, akakipaka mafuta ya taa. Akakaa robo saa anakitazama. Akakifuta. Akasaga chaki, akainyunyiza.

Mwanzoni chuma kilikuwa cheupe tu. Kisha karibu na mwisho, pale kilipokatwa, mstari ukaanza kujichora, taratibu, wenye rangi ya chai. Haukuwa mrefu. Lakini ulikuwa unaelekea upande kilikotoka kile kisu.

Springi ilikuwa imechoka tangu ilipokuwa chini ya gari. Yeye aliinunua hivyo, akaikata hivyo, akaizamisha hivyo.

Alimpigia Ansbert papo hapo. Namba haikupatikana. Akapiga tena saa nane, saa tisa, saa kumi. Jumatatu asubuhi akaenda kwenye ofisi yao mjini. Kwenye benchi walikuwa wamekaa askari wawili wakisubiri usafiri. Karani wa zamu alikuwa dada mmoja aliyehamishiwa Bariadi kutoka Sumbawanga, jina lake Valeria.

"Huko waliko hakuna mtandao, mama," Valeria alisema. "Lakini saa nne tunaongea nao kwa redio ya upepo. Tumwambie nini?"

Milembe aliitazama redio. Ilikuwa na spika kubwa, na alijua kwamba kinachosemwa hapa kinasikika kituoni, kinasikika kwenye magari, kinasikika kwa kila mwenye redio. Kisu alichofua yule mwanamke kina ufa. Aliyapanga maneno hayo kichwani. Askari wale wawili walikuwa wanamtazama, si kwa ubaya.

"Mwambie Milembe wa Somanda anamtafuta."

"Basi?"

"Basi. Akipata mtandao anipigie."

"Ni mambo ya familia?"

"Hapana, ni ya kazi tu."

Valeria aliandika kwenye kitabu. Milembe alitoka nje, akafika mpaka kwenye geti, akasimama. Aliona wazi kwamba ujumbe ule haukuwa na maana yoyote. Angeweza kurudi. Mlango ulikuwa wazi, hatua ishirini. Alisimama pale mpaka mlinzi akamuuliza kama anahitaji msaada, akasema hapana, akaenda zake.

Mchana ule hakuwasha moto. Alipomwona Bujiku anakuja na kigoda chake, alimngoja akae, kisha akachuchumaa mbele yake.

"Baba mdogo, Jumanne ile, nilipozamisha kisu cha yule askari, ulisikia kitu?"

Bujiku alipuliza vumbi kwenye mpini. "Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

"Kisu kilikuwa mikononi mwako, mayo," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nilingoja useme wewe."

"Na siku alipokuja kukichukua?"

"Siku hiyo nilipoona unamkabidhi, nikasema basi, amekipima. Nikasema ni masikio yangu ya uzee." Aliweka kisu chake cha kuchongea chini. "Hukukipima?"

"Hapana. Nimepima kipande kilichobaki. Kina ufa."

Mzee alilaza mpini kando. Milembe alijiandaa kusikia yale maneno aliyokuwa akiletewa na watu kwa miaka yote hiyo. Hayakuja.

"Maganga naye alisikia," Bujiku alisema. "Mara moja. Wewe ulikuwa bado mdogo. Kilikuwa kisu cha mvuvi wa Kalemela. Kililia kwenye mafuta, wote wawili tukasikia, tukatazamana. Yule mvuvi alikuja kukichukua, akapewa. Mimi nikamwambia Maganga, tumfuate. Akasema kesho. Kila siku kesho."

"Kikavunjika?"

"Hatujui. Mtu yule hakurudi tena. Pengine alihama, pengine alikufa kwa mambo yake. Baba yako hakujua mpaka anaingia kaburini. Unadhani ile chaki aliipata wapi? Alikwenda kwa fundi mmoja wa mitambo ya kuchambua pamba, akamwomba amfundishe namna ya kuona ufa. Baada ya hapo hakutoa kisu bila chaki."

Milembe hakuwahi kusikia habari hiyo. Alikuwa amechukulia kwamba chaki ilitoka kwa babu zao pamoja na mivukuto, kitu cha wahunzi hodari. Ansbert alikuwa na siku ya tano porini.

"Atatoka lini huko?" Bujiku aliuliza.

"Alhamisi ya wiki ijayo."

"Basi usimfuate mikono mitupu."

Alitafuta jani lingine la springi. La kwanza alilipima, likaonyesha mstari. La pili pia hakuliamini, ingawa lilikuwa safi. La tatu alilipima mara mbili. Kisu cha kwanza alichofua kutoka humo alikiharibu mwenyewe, alikipiga mahali ambapo hakupaswa, kikapinda vibaya. Akaanza upya. Kwa siku zote hizo alikuwa anasikia habari za porini hata asipozitafuta. Kwenye kibanda cha chai mtu alisema gari la askari limekwama kwenye tope. Mwingine alisema kuna askari amejeruhiwa, ameletwa hospitali. Milembe aliacha chai mezani, akaenda hospitali kwa miguu, karibu akimbie. Aliyeletwa alikuwa dereva aliyebanwa kidole na mlango. Alimpa pole kama ndugu, akarudi bandani.

Siku ya kuzamisha kisu cha pili alimwomba Bujiku asimame karibu na pipa. Mzee akasimama. Hakuna kilicholia. Hata hivyo walikipaka mafuta, wakakipaka chaki, wakakitazama wote wawili mpaka macho yakachoka. Kilibaki cheupe.

Alhamisi saa kumi na mbili alfajiri alipanda pikipiki ya Limbu, jirani yake anayeendesha bodaboda na anayeijua njia ya kwenda kituoni kwa akina Ansbert. Kwenye mfuko alikuwa na kisu kipya, chupa ndogo ya mafuta ya taa, vitambaa na vipande viwili vya chaki. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na udongo mweusi wa mbugani ulikuwa unanata kwenye tairi kama ugali. Mara tatu walishuka na kuchokonoa tope kwa kijiti. Pamba ilikuwa imefika magotini kila upande. Limbu alijaribu kuzungumza juu ya bei ya mwaka huu, akaona hajibiwi, akarudisha macho barabarani.

Kituo kilikuwa nyumba mbili za bati, mlingoti wa bendera na tangi la maji. Mkuu wa kituo alikuwa mtu mzima mwenye mvi, anaitwa Deogratias, akamkaribisha kwa heshima na kumpa kiti kivulini.

"Walitakiwa kutoka jana jioni," alisema. "Wamechelewa kidogo."

"Kwa nini?"

"Porini ni hivyo, mama. Mto ukijaa unangoja upungue."

"Mmewasiliana nao?"

"Juzi. Tangu jana redio yao haijibu. Betri, nafikiri."

Milembe alikaa. Saa tano ikapita, saa sita. Deogratias alimletea chai na viazi, akavionja ili asionekane amekataa. Alitaka kumwambia mkuu huyu kila kitu, kisha akaona kwamba si haki, anayepaswa kusikia kwanza ni yule aliyekifunga kiunoni. Lakini kama hatarudi? Wazo hilo lilimjia mara moja na halikuondoka. Alianza kuhesabu vitu ambavyo mtu anaweza kufanya na kisu kama kile. Kukata kamba, hapo hakuna neno. Kuchimba. Kubanua. Kujiokoa. Kila alipofika hapo alianza upya kwenye kamba.

Gari lilitokea saa nane kasoro, limejaa matope mpaka kwenye vioo. Alisimama akawahesabu walioshuka. Wa nne alikuwa Ansbert, amekonda, ndevu zimeota, kisu kiko kiunoni. Milembe alishika mgongo wa kiti.

"Mama," Ansbert alisema kwa mshangao. "Nilipata ujumbe wako. Nilidhani unataka kujua kama nimekipenda."

"Umekitumia?"

"Kila siku. Jana gari lilikwama, nimekata nacho matawi. Juzi tulikuta tanzi la waya limezama kwenye gome la mti, nikalibanua kwa ncha. Wenzangu wanne wanataka kama hiki."

"Naomba unipe."

Alimpa, akidhani anataka kukinoa. Milembe alikilaza juu ya benchi, akatoa chupa na vitambaa. Alipaka mafuta bila kueleza. Wale askari waliotoka safari walisogea, wengine wakiwa na vikombe vya maji mikononi. Walingoja robo saa. Deogratias aliuliza anafanya nini, akamwambia, "Ninatafuta ufa." Alikifuta kisu mpaka kikakauka, akakipaka chaki.

Mstari ulitokea vidole vitatu chini ya mpini. Ulianzia kwenye mgongo na kushuka kuelekea makali, ukaishia katikati ya bapa. Ulikuwa mwembamba sana. Ansbert aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa chuma.

Milembe alikiegemeza kisu kwenye mawe mawili yaliyoshikilia tangi, akaomba nyundo. Deogratias akampa ya gari. Alipiga mara moja, wala si kwa nguvu, na kisu kikawa vipande viwili. Akaviokota, akawaonyesha: nusu ya pale kilipovunjikia ilikuwa nyeusi, ya zamani, na nusu nyingine ilikuwa inang'aa kama chumvi.

"Hiyo nyeusi ilikuwa imeshapasuka," alisema. "Ulikuwa unatumia hii nusu nyingine."

Ansbert hakuvichukua vile vipande. "Ulijua?"

"Nilisikia sauti siku ninakizamisha. Sikukipima."

"Ulisikia kabla hujanipa?"

"Ndiyo. Siku mbili kabla."

"Kwa nini hukukipima?"

Alikuwa ametunga majibu mengi njiani. Gari lilikuwa linakungoja, ulikuwa na haraka, springi ilikuwa mbovu tangu ilikotoka. Yote yalikuwa kweli.

"Niliogopa kuona," alisema.

Ansbert alimtazama. Jicho lake la kushoto lilikuwa jekundu kwa vumbi. "Siku kumi na tano nimelala nacho, mama," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akaenda kwenye bomba, akafungua maji, akanawa uso kwa muda mrefu, akaingia ndani ya nyumba. Hakutoka.

Milembe alibaki na kisu kipya mapajani, ndani ya ala yake. Askari mmoja mmoja wakaondoka. Deogratias alikaa karibu naye, akasema kwamba kijana amechoka, na kwamba wengi wasingekuja. Milembe alishukuru, lakini maneno yale hayakumwingia. Limbu alikuwa anatazama mawingu. Saa tisa na nusu alisema wasipoondoka sasa watalala barabarani.

"Mpe hiki," Milembe alimwambia Deogratias. Aliweka kisu juu ya benchi, na pembeni yake chupa ya mafuta na chaki. "Mwambie akipime yeye mwenyewe, asiniamini mimi. Akiona kitu akitupe mtoni."

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Alikuwa ametegemea kwamba akishasema atapumua. Alipumua, ndiyo, lakini sasa alikuwa na jambo lingine la kuhofia, na kila siku ya wiki iliyofuata alilihofia: kwamba kijana atakitupa kisu kile bila kukifungua. Alimweleza Bujiku kila kitu kama kilivyotokea. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ufa ulikuwa wa mgongoni au wa makalini, akaambiwa mgongoni, akatikisa kichwa. Habari zilishafika mjini. Mchungaji mmoja wa ng'ombe aliyekuwa ameagiza kisu alituma mtu kusema ameahirisha. Wale askari wanne hawakupiga simu.

Siku ya kumi na moja simu yake iliita akiwa kwenye moto. Alijipangusa mkono kwenye kanga.

"Shikamoo, mama. Ni Ansbert."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekipima kile kisu." Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. "Mara tatu. Leo pia. Hakina kitu."

"Vizuri."

"Mpini wake ni mzuri kuliko wa kile cha kwanza."

"Niliurefusha kidogo."

Milembe alisikia mtu akimwita Ansbert kwa mbali, naye akijibu kwamba anakuja.

"Mama, bado nina hasira," alisema. "Nimeona nikwambie. Lakini mwenzangu mmoja, Thomasi, anakuja huko Jumamosi. Anataka kisu. Nimemwambia akae hapohapo bandani mpaka unapomaliza kukipima."

"Aje," Milembe alisema. "Aje mapema, kazi inachukua muda."

Simu ilikatika; kama ni mtandao au ameikata mwenyewe, hakujua. Aliiweka kwenye rafu, akamwuliza Bujiku kama ndani ya banda kuna kiti kingine cha kumkalisha mgeni.